Shajara ya Mradi: Kufufua Mtambo wa Umeme wa Jua Katika Kisiwa Kidogo cha Pemba

Jumatatu, 6 Oktoba

Tulitoka Wete kabla ya alfajiri, maji yakiwa yamejaa, kwa sababu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mashua inayochelewa hukuta ufuo umekauka, na watu hulazimika kuteremka mbali na kubeba mizigo kichwani juu ya matope na miamba. Tulikuwa watatu: mimi, fundi mwenzangu, na kijana anayejifunza kazi. Kampuni yetu ni ndogo. Ina wafanyakazi 6, ghala moja na gari moja la mizigo, na kazi zake takriban zote ziko mashamba na visiwani, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Kisiwa tulichokiendea kipo magharibi ya Pemba. Sitakitaja kwa jina, kwani wakaazi wake ni wachache, kila mmoja anamjua mwenziwe, na shajara hii itagusa mambo ya fedha zao.

Pemba yenyewe ina umeme wa gridi. Hadi mwaka 2010 tulitegemea jenereta za dizeli za Wesha, karibu na Chake Chake, na tangu mwaka huo umeme hutufikia kutoka Tanga kwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kwa msaada wa Norway. Lakini umeme huo ukishafika nchi kavu husambazwa kwa nguzo, na nguzo haivuki mkondo wa bahari. Kisiwa kidogo kikitaka kuunganishwa huhitaji waya wake wa baharini, na gharama ya waya huo haipungui kwa sababu tu nyumba za upande wa pili ni chache.

Hapa kisiwani palifungwa mtambo wa umeme wa jua miaka kadhaa iliyopita, kwa fedha za mfadhili, kwa ajili ya kituo cha afya, skuli na madrasa. Ulifanya kazi kwa muda usiotimia miaka miwili, ukazimika, na tangu hapo paneli zake zimebaki juu ya paa zikipigwa na jua bila ya kumfaa mtu. Sheha, kiongozi wa eneo hilo, alipofika ofisini kwetu mwezi uliopita hakuomba mtambo mpya. Alisema: "Wanangu, msituletee vyengine kabla hamjatwambia vya mwanzo vilikufa kwa nini." Maneno hayo nimeyaandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, kwa kuwa sijawahi kupewa maelekezo ya kazi yaliyo sahihi kuliko hayo.

Tulianza na paneli. Zilikuwa 12, za wati 100 kila moja, zikielekea kaskazini kama inavyostahiki kwetu, lakini zimeinamishwa kiasi cha digrii 30, mwinamo unaofaa nchi zilizo mbali sana na ikweta. Pemba iko kiasi cha digrii 5 tu kusini ya ikweta. Siku hizi za mwanzo wa Oktoba jua hupita juu ya utosi wetu likielekea kusini, na hurudi kupita tena mwanzoni mwa Machi. Nilisimamisha fimbo uwanjani kwa timazi, na kiasi cha dakika 9 baada ya saa sita mchana kivuli chake kilitoweka kabisa. Haukupita muda mrefu, mwadhini akaadhini adhuhuri. Wazee waliokuwa barazani walikuja kuitazama fimbo ile, na ikanirahisishia maelezo: paneli iliyoinama digrii 30 kuelekea kaskazini, mwezi wa Disemba, wakati jua la adhuhuri liko upande wa kusini, hupoteza karibu theluthi moja ya nguvu ya miale inayoifikia.

Hata hivyo mwinamo huo hauui mtambo. Huupunguzia tu kipato chake. Paneli 2 zilikuwa zimepasuka kioo. Zile 10 zilizobaki tuliziosha, tukazilaza chali moja moja na kuzipima. Zilitoa volti 19.8 na ampea 5 na ushei katika joto kali la mchana, jambo linaloonyesha kwamba zina afya nzuri, kwani paneli ya silikoni hupoteza kiasi cha nusu ya asilimia tu ya nguvu zake kwa mwaka, na watengenezaji wengi huzidhamini kwa miaka 25.

Tulipofungua chumba cha betri tukaona kilichokufa. Palikuwa na betri 4 za risasi na asidi, ambazo watu huziita betri za maji, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 200. Moja ilikuwa imevimba ubavuni. Nyengine tatu zilisoma volti 5.0, 3.1 na 2.4. Ndani yake hamkuwa na maji, na plati, yaani mabamba ya risasi, zilikuwa zimefunikwa na weupe mgumu wa salfati. Betri ya aina hii haitakiwi kutumiwa kila siku kupita nusu ya uwezo wake, na ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa salfati hiyo huganda na hairudi tena kuwa asidi. Inveta iliyokuwapo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa gridi, ilipangwa kukata umeme pale tu betri mbili zilizofuatanishwa zinaposhuka hadi volti 21, na kufikia hapo betri imekwisha kumalizwa, si kutumiwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumelala kisiwani kwa makusudi. Mtu anayekuja asubuhi na kuondoka jioni huona jinsi umeme unavyozalishwa, lakini haoni unavyotumiwa, kwa sababu matumizi makubwa ya kijijini huanza baada ya magharibi. Mwezi mpevu ulikuwa ukiangaza, na nilizunguka nyumba hadi nyumba pamoja na mwalimu wa madrasa, tukiuliza swali moja: umeme ulipokuwapo, mliutumia kwa nini?

Majibu yalikuja bila ya kufichwa. Palikuwa na taa, simu, feni za kituo cha afya, na televisheni iliyowashwa usiku wa mpira. Kisha mvuvi mmoja alitueleza kwa uwazi mkubwa kwamba alinunua friza, akavuta waya mrefu kutoka skuli, na kuiwasha usiku kucha ili apate barafu ya kuhifadhia samaki wake hadi sokoni Wete. Simlaumu. Samaki asiye na barafu huuzwa kwa bei anayoitaka mchuuzi, na hakuna aliyemweleza mvuvi yule kwamba betri zile hazikuhesabiwa kwa mzigo huo. Karatasi ya maelekezo ilikuwapo ukutani, nzuri, yenye picha, lakini imeandikwa kwa Kiingereza.

Nilifanya hesabu mbele ya watu, kwa chaki, kwenye ubao wa skuli. Jua letu hutoa, kwa wastani, nishati ya kiasi cha kilowati-saa 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paneli za kilowati 1.2, baada ya kutoa hasara za joto, nyaya na betri, zingezalisha kiasi cha kilowati-saa 4 kwa siku. Mzigo ulioorodheshwa na wenyewe ulizidi 5. Kila siku betri ilikuwa ikitoa zaidi ya inachopokea.

Mama mmoja wa makamo alisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema. Yeye alikwenda Unguja, Kibokwa, kwenye chuo cha Barefoot ambacho huwafunza kina mama wa vijijini, wengi wao wakiwa hawakusoma sana, kufunga na kutengeneza taa za sola. Lakini alirudi mtambo huu ukiwa umekwisha kuzimika. "Maji ya betri hayakuletwa hata siku moja," alisema. "Wenzangu walikuwa wakitia maji ya kisima." Visima vya kisiwa hiki, kama vya visiwa vingi vya mawe ya matumbawe, vina chumvichumvi, na chumvi ikiingia katika betri ya asidi huzila plati zake. Walitia maji yale kwa nia njema, wakidhani wanaitunza betri. Nimelifikiria jambo hilo usiku kucha.

Asubuhi, kabla ya maji kupwa, tulizungumza habari ya malipo. Nilipendekeza kila nyumba ichangie mwisho wa mwezi. Mama yuleyule akatikisa kichwa: "Mwisho wa mwezi ni wa wenye mishahara, mwanangu. Sie tuna bamvua." Maana yake ni hii: mwani huvunwa na pweza hupatikana zaidi siku ambazo maji yanakupwa mbali, na siku hizo huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Fedha huingia kisiwani baada ya bamvua na huadimika wakati wa maji mafu. Mtu akidai mchango tarehe 30, huenda akawakuta watu katika wiki ambayo hawana kitu mkononi, na akaandika kwenye ripoti yake kwamba wanakijiji hawataki kulipa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Ofisini, Wete. Mpango wa mtambo mpya umekamilika, na ninauandika hapa kwa ukamilifu ili atakayekuja baada yangu aelewe kila uamuzi ulitoka wapi.

Mzigo tunaoukusudia ni taa 30 za wati 7 kwa saa 5 kila usiku. Simu zipatazo 30 kwa siku. Feni 4 za wati 60 kwa saa 6. Televisheni moja kwa saa 4. Na friza moja ya barafu, ambayo katika joto letu tunaikadiria kilowati-saa 1.5 kwa siku. Jumla yake ni karibu kilowati-saa 4.7. Juu ya hiyo nimeongeza kitu ambacho mafundi wengi husahau, nacho ni inveta yenyewe: ikiwa imewashwa tu, bila ya kutumikia chombo chochote, hula kiasi cha wati 30, na kwa saa 24 hiyo ni kilowati-saa 0.7, karibu theluthi mbili ya matumizi ya taa zote za kisiwa.

Zile paneli 10 nzima tutazibakisha, katika safu mbili za paneli 5, zikiwa na kidhibiti chaji chao wenyewe, ambacho sisi mafundi tunakiita kontrola. Tutaongeza paneli 6 mpya za wati 400 na kontrola ya pili, kwa sababu paneli za ukubwa tofauti zikifungwa kwenye safu moja, dhaifu huzirudisha nyuma zenye nguvu. Kwa pamoja zitakuwa kilowati 3.4, na hata siku za mawingu ya masika, jua likishuka hadi karibu nusu ya kawaida yake, mzigo wa lazima utabebeka. Betri zitakuwa 2 za lithiamu, ile aina yenye chuma na fosfati, za volti 51.2 na ampea-saa 100 kila moja. Ni ghali zaidi kuliko betri za maji, na mkurugenzi wetu aliniuliza mara mbili kama hakuna njia nyengine. Nilimjibu kwamba betri isiyohitaji maji ndiyo pekee inayofaa kisiwa kisicho na maji ya betri.

Friji ya chanjo ya kituo cha afya hatutaigusa wala hatutaiunganisha na mtambo huu. Ni ya aina inayoendeshwa moja kwa moja na paneli zake, bila ya betri, ikihifadhi baridi katika barafu iliyomo ndani ya kuta zake, na chanjo zinatakiwa kukaa baina ya digrii 2 na 8 usiku na mchana. Kitu kinacholinda watoto kisitegemee nidhamu ya watazamaji wa mpira.

Friza ya barafu nayo itafungiwa taima. Itafanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, jua likiwa na nguvu, na usiku itabaki imefungwa kifuniko, baridi yake ikishikwa na barafu yenyewe. Kwa njia hii umeme wa friza hautapitia kwenye betri, na mvuvi wetu atapata barafu yake alfajiri bila ya kuvuta waya wa kificho.

Jumanne, 21 Oktoba

Vifaa vimefika salama. Mwezi umeandama, bamvua imerudi, na nahodha alituchagulia maji ya saa kumi jioni ili mashua iingie hadi mchangani. Vijana wa kisiwani walizibeba paneli wawili wawili, zikiwa wima, bila ya hata moja kuguswa kioo. Betri, ambazo kila moja inahitaji watu wawili wenye nguvu, zilifungwa kwa turubai mara mbili dhidi ya mawimbi.

Jumatano, 12 Novemba

Wiki hii ni ya kazi ya paa na kazi ya ardhi, na ya ardhi imetushinda mara mbili kabla ya kukubali.

Juu ya paa tumeondoa vyuma vya zamani. Vilikuwa vimeliwa na kutu kiasi kwamba baadhi ya bolti zilikatika kwa mkono. Katika sehemu moja waya mtupu wa shaba ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye fremu ya alumini ya paneli, na pale zilipogusana alumini imegeuka unga mweupe. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Sasa tumetumia reli za alumini, bolti za chuma kisichoshika kutu, na vichwa vya nyaya vilivyopakwa bati, kila kiungo kikitiwa grisi. Paneli zote zimeinamishwa digrii 10 kuelekea kaskazini: mwinamo huo unatosha mvua kuosha vumbi na chumvi, wala haupotezi sana jua la Disemba. Baina ya paneli na mabati tumeacha nafasi ya upana wa kiganja ili upepo upite, kwani paneli hupoteza kiasi cha asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila digrii moja ya joto inayozidi 25, na juu ya bati la Pemba paneli iliyobanwa hufika digrii 65 bila ya taabu.

Tatizo lilikuwa ethi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme wa radi na wa hitilafu. Fimbo ya ethi inatakiwa kuzama ardhini, na kisiwa hiki ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo wa kiasi cha shubiri mbili. Fimbo ya kwanza iligonga jiwe na kupinda, na ya pili vilevile. Tulipopima ile iliyozama kidogo tulipata ukinzani wa omu 210, kipimo kikubwa mno ambacho hakimlindi mtu wala mtambo. Mzee mmoja mchimbaji visima alitushauri tuache kuchimba kwenda chini na tuchimbe kwenda mbali. Tulichimba mtaro wa mita 15 kutoka ukuta wa skuli hadi bondeni, mahali panapomwagikia maji ya tangi la mvua la kituo cha afya, tukalaza waya mtupu wa shaba na kuufukia kwa udongo mweusi uliochanganywa na vumbi la makaa. Chumvi, ambayo baadhi ya mafundi huitia ili kupunguza kipimo haraka, sikuiruhusu, kwa kuwa huila shaba. Kipimo kimeshuka hadi omu 28. Mvua za vuli zimekwisha kuanza, na radi zake zilikuwa zikinitia wasiwasi kila usiku mpaka mtaro ule ulipofukiwa.

Nimeandika ushauri wa mzee yule katika mwongozo wetu wa kampuni.

Ijumaa, 21 Novemba

Mtambo umewashwa leo baada ya sala ya Ijumaa. Kazi ya kuwasha ilichukua dakika chache. Mkutano uliotangulia, kuanzia Jumatano jioni, ulichukua muda mrefu zaidi, na mimi naona ndio uliokuwa kazi yenyewe.

Yaliyokubaliwa ni haya. Nyumba zote 52 zitachangia shilingi 1,000 kila bamvua, na mwenye kuchangia ataweka chaji simu yake bila ya malipo. Wavuvi wa dago, ambao hupiga kambi hapa kwa wiki kadhaa kisha huondoka, watalipa shilingi 300 kwa simu. Barafu itauzwa kwa mfuko. Mama aliyesoma Kibokwa ndiye atakayekuwa mlinzi wa mtambo na atalipwa kutoka katika fedha hizo. Sehemu inayobaki haitaguswa, ni akiba ya siku ambayo betri au inveta itahitaji kubadilishwa.

Mjadala mkali ulikuwa juu ya jambo moja: umeme ukipungua, nini kizimwe kwanza? Sikutoa rai yangu ingawa nilikuwa nayo. Walibishana hadi isha, na wakafikia mpangilio wao: televisheni kwanza, friza ya pili, feni za madrasa ya tatu, na taa za kituo cha afya zisizimwe kabisa mpaka mtambo wenyewe ukate. Mvuvi mwenye friza ndiye aliyependekeza friza yake iwe ya pili. Mpangilio huo umeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na umebandikwa mlangoni mwa chumba cha betri mahali pale pale palipokuwa na ile karatasi ya zamani.

Alhamisi, 18 Disemba

Hitilafu ya kwanza, na kosa ni langu.

Kila siku mlinzi wa mtambo huandika mambo matatu katika daftari: asilimia ya betri wakati wa alfajiri, umeme uliozalishwa siku nzima, na saa ambayo betri imejaa. Safu ya tatu nilimwomba aiandike kwa kuwa umeme unaozalishwa hufuata matumizi. Betri ikishajaa kontrola hupunguza, na kwa hivyo mtambo wenye kasoro unaweza kuonyesha jumla ileile ya kila siku. Juzi alinipigia simu. "Betri ilikuwa ikijaa saa nne na nusu. Tangu Jumapili inajaa saa sita kasoro robo, na mawingu hakuna." Hakukuwa na taa iliyozimika wala mtu aliyelalamika, isingekuwa safu ile ya tatu, tungeligundua jambo hili mwezi wa Aprili, katikati ya mvua.

Tulivuka leo. Safu zote mbili za paneli za zamani zilikuwa hazitoi kitu. Kijana wetu alifuata waya kwa mkono hadi kwenye kiungo kilicho chini ya paneli ya mwisho na kukuta plagi imeyeyuka na kuwa nyeusi. Mwezi uliopita niliunganisha plagi ya zamani ya kampuni moja na plagi mpya ya kampuni nyengine, kwa kuwa ziliingiana na kutoa ule mlio wa kujifunga, nikaridhika. Lakini kuingiana si kushikana: vipimo vya ndani hutofautiana kidogo, mguso huwa mdogo, joto hupanda, na chumvi humaliza iliyobaki. Nililijua jambo hilo tangu masomoni, na nililipuuza kwa sababu jua lilikuwa linakuchwa na mashua inasubiri. Tumezikata plagi zote za zamani na kufunga jozi za aina moja, tukizibana kwa koleo lake maalumu. Niliwaeleza wazee wazi kwamba mtambo haukuwa na kasoro ila mkono wangu. Waliokwisha kuachwa gizani mara moja wanastahiki kuambiwa ukweli mapema.

Jumatatu, 23 Februari

Ramadhani imeingia, na saa za kisiwa zimegeuka. Tuliihesabu tangu mwanzo, lakini hesabu ya karatasini ilikuwa ndogo kuliko hali yenyewe. Taa za msikiti huwaka hadi tarawehe imalizike, kisha taa za vijia huwaka tena kwa daku. Matumizi ya usiku, ambayo kwa kawaida ni kilowati-saa 2.4, yamepanda hadi 3.6, na betri inayoamka ikiwa na asilimia 74 sasa inaamka ikiwa na 61. Bado tuko salama kabisa, kwa kuwa huu ni msimu wa kaskazi na jua ni kali.

Barafu ndiyo iliyobadilika zaidi. Miezi yote wavuvi waliitaka alfajiri. Mwezi huu kila nyumba inaitaka kabla ya magharibi, kwa maji ya kufuturia. Mlinzi wa mtambo ameirudisha taima nyuma kwa saa moja ili friza ianze saa mbili asubuhi, na amegawa mifuko mara mbili, ya wavuvi na ya futari, bila ya kutuuliza. Nilipotazama daftari niliona uamuzi wake ni sahihi kwa kila namba. Mchango wa bamvua iliyopita umelipwa na nyumba 49, na 3 zilizobaki ni za watu waliosafiri.

Kaskazi limekuja na jambo jengine: rasha za bahari zinapanda hadi paa, na paneli za ukingoni zilikuwa na ukungu wa chumvi unaoonekana kwa macho. Zimeoshwa kwa maji ya mvua ya tangini, asubuhi na mapema kabla ya kioo kupata moto.

Jumamosi, 28 Machi

Masika yametutangulia. Wingu limefunika tangu Jumatano, na jana betri ilifika asilimia 38 wakati wa magharibi, saa ambayo siku za kawaida huwa imejaa. Nilikuwa Wete, na nilikuwa nimejiandaa kupiga simu, lakini simu ilitangulia kutoka kwao: televisheni imezimwa tangu Alhamisi, friza tangu Ijumaa asubuhi, na madrasa imefunguliwa madirisha. Kituo cha afya kina taa. Friji ya chanjo, peke yake katika kona yake, imesoma digrii 5. Usiku wa kuamkia leo betri ilishuka hadi 29, na leo saa saba mchana jua limetoka kwa saa mbili na kuirudisha 51.

Sheha amenitumia ujumbe akiuliza lini tutaanza kuingiza taa majumbani. Nimemwomba asubiri hadi mwisho wa Mei, tuwe na namba za masika nzima mkononi, kwani nyumba 52 zenye taa mbili mbili ni mzigo mpya wa usiku, na sitaki kuandika hesabu yake kwa kukisia. Ameafiki, akaongeza kwamba akiba iliyomo sandukuni ameihesabu mbele ya watu baada ya sala, na anataka niilinganishe na daftari langu nitakapokwenda.

Tutavuka Alhamisi ijayo, mwezi ukiwa mpevu. Kazi iliyopangwa ni kukagua bolti zote za paa, kupima ethi upya sasa ambapo ardhi imelowa, na kumfundisha binti wa mlinzi wa mtambo, ambaye ameomba mwenyewe, namna ya kubana plagi kwa koleo.